Kilo Mbili Kamili

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha unga pale Thika. Kila nusu saa nilitoa pakiti chache za kilo mbili kwenye mashine zetu mbili za kufunga, nikazipima na kuandika gramu daftarini. Jioni nilimpelekea meneja. Alijumlisha, akagawanya, akapata wastani, na kazi yake ya kufikiri ikawa imeisha kwa siku hiyo.

Kiwanda kizima kilikuwa na kompyuta moja, ofisini kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Aliiwasha wageni wakija.

Mimi Jumamosi nilisomea kompyuta Ruiru, chumba kimoja juu ya bucha. Mwalimu alitusomea kitabu cha maelezo mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye fomula iitwayo STDEV nilimuuliza inapima nini. Alinijibu kwamba mtihani hauulizi maana. Nilijikumbukia mwenyewe: ni zile hesabu za kidato cha nne, zilizokuwa zikijaza kurasa mbili, za kujua namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Sasa mashine ilizifanya kwa neno moja.

Mwezi mmoja wastani wa mashine ya pili ulitoka kilo mbili kamili. Wa mashine ya kwanza ulizidi gramu nne. Meneja alituita wote, akamsifu mwendeshaji wa ile ya pili, kisha akamwambia mzee wa mashine ya kwanza kwamba anagawa unga wa kampuni. Mzee huyo, jirani yangu Makongeni, aliijua mashine yake tangu ilipofungwa. Alianza kueleza kwamba anaiacha izidishe kidogo makusudi ili hata pakiti moja isipungue. Meneja alimkatiza. Kesho yake mzee alikuwa stoo, akishona magunia kwa mkono.

Jumatatu iliyofuata meneja alikwenda Nairobi, na sekretari wake akaniruhusu kutumia kompyuta. Niliingiza gramu za mwezi mzima katika safu mbili, nikaandika fomula chini ya kila moja. Safu ya mzee ilitoa gramu moja na ushee. Ile ya pili ilitoa thelathini na nane. Maana yake pakiti za mzee zilikaribiana kama mapacha, na zile zilizosifiwa, moja ilipungua kiganja kizima cha unga, nyingine ikazidi kiasi hicho hicho, na meneja akizichanganya anapata kilo mbili zake kamili.

Aliporudi nilimwekea karatasi mezani. Aliitazama akiwa amesimama.

“Madam, wastani ni wastani,” akasema, na akaweka kikombe cha chai juu yake.

Ningeweza kupanda ghorofa moja nikamwone mkurugenzi. Sikupanda. Nilitaka meneja aanguke mwenyewe, mbele ya watu, na nilingoja kwa raha zangu.

Baada ya wiki tatu walikuja maafisa wa vipimo, wakapima pakiti moja moja. Meneja aliwafuata nyuma akiwasihi wajumlishe kwanza. Afisa mmoja, mama mpole, alimuuliza kama mteja anayenunua pakiti moja dukani naye ajumlishe na za majirani. Unga wa mashine ya pili ulizuiwa, mashine ikasimamishwa itengenezwe, mzee akarudishwa mahali pake bila neno la pole. Katika ripoti yake meneja aliandika kwamba mizani yangu ndiyo iliyokuwa mbovu.

Jioni mzee alinisubiri langoni kama kawaida. Tukitembea kwenda Makongeni nilimsimulia yote, nikiigiza sauti ya meneja. Alicheka kidogo, kisha akauliza, “Ulijua lini, msichana wangu?”

“Jumatatu ile, mzee. Ulikuwa na siku chache tu stoo.”

Alihesabu kwa vidole.

“Wiki tatu,” akasema. “Mimi nilidhani nimezeeka, mikono haijui kazi tena. Hata mke wangu nilimwambia hivyo.”

Aliniaga kwa adabu mlangoni kwake.

Meneja nilimdharau mpaka nilipoacha kazi, na sijutii hata kidogo. Lakini mzee hakunisubiri tena langoni.