Fimbo Niliyomficha Wakili

Miaka ile mkoa wa Manyara ulikuwa bado mgeni, umetoka kumegwa Arusha. Mjini Mbulu watu waliandika Arusha kwenye bahasha, wakakata, wakaandika upya. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini kichwani nilikuwa na kiwanda kizima.

Nilikuwa nimetengeneza fimbo ya kupandia vitunguu saumu. Ni bomba tu, lenye mdomo wa bati chini. Unachoma udongoni, unadondosha punje kwa juu, unakanyaga kijiti cha pembeni, mdomo unafunguka. Huinami. Niliitengeneza kwa ajili ya mama, aliyekuwa akilala chali sakafuni kila msimu wa kupanda, ameshika kiuno. Halafu nikaanza kuiota ikiuzwa nchi nzima, mwenyewe nikiwa mimi.

Mwalimu wangu wa zamani aliniambia kuna karatasi inaitwa hataza, inamlinda mtu aliyebuni kitu asiibiwe. Nikaenda kwa wakili, fimbo iko ndani ya gunia.

Alikuwa mzee wa mkoa mwingine, ofisi imejaa mafaili ya kesi za mashamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Cha kulimia." Nikalikumbatia gunia.

Akacheka. "Nikulindie kitu nisichokijua? Na nikikuibia nitalima wapi, juu ya kabati hili? Fungua. Unachoniambia humu hakitoki."

Nikafungua. Akaijaribu kwenye chungu cha maua dirishani, kwa kokoto, mara tatu, anafurahi kama mtoto. Roho ikatulia. Ndipo akauliza:

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna, mzee."

"Hakuna kabisa?"

"Labda wale waliokuja kupanda kwetu."

"Wangapi?"

Nikahesabu kwa vidole, vidole vikaisha. Kwetu kupanda ni kazi ya majirani wote, leo kwenu, kesho kwetu, na chombo cha kazi hakinyimwi mtu. Fimbo ilipita mikono yote, na wiki ile ile wengine wakachonga zao. Sikuwa nimewaweka kwenye hesabu ya watu. Walikuwa ni sisi.

Wakili akavua miwani. "Hataza inataka kitu ambacho hakijaonekana hadharani. Nitakuulizia Dar es Salaam, lakini nisikudanganye, mwanangu. Hii umeshaigawa."

Nilirudi kwa miguu, gunia begani, macho yananiuma. Karibu na nyumbani nikamkuta mama jirani shambani, amesimama wima, anapanda kwa fimbo yake.

"Njoo uone! Yako ilikuwa inaziba, hii nimeipanua mdomo. Mjini ulifuata nini?"

"Kuuliza kama fimbo ni yangu."

"Heee! Safari yote hiyo? Si ungeniuliza mimi? Hata watoto wanaiita fimbo ya kwenu."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikajaribu yake. Punje ilishuka moja kwa moja, haikukwama. Nikamwomba aniazime mpaka kesho, nimpelekee mama.

"Chukua," akasema. "Na hiyo ya kwenye gunia niachie, niipanue."