Jezi Nyekundu za Tonga na Samoa

Mwaka 2011 nilisafiri kwenda Johannesburg kwa sababu mbili. Ya kwanza, niliyomwambia kila mtu, ni kwamba dada yangu Mwajuma, fundi cherehani, alikuwa amepata kazi ya kushona jezi za mashindano ya kimataifa na alihitaji mkono wa pili. Mimi hushona sare za shule hapa Ujiji, kwa hiyo mkono ninao. Ya pili alinipa Mama chumbani, mlango umefungwa: "Hamisi, usirudi bila yeye."

Mama hakuwa na makosa. Katika zile fujo za 2008 za kuwafukuza wageni, watu walivunja kibanda cha Mwajuma kule Soweto wakaondoka na vyerehani vyote viwili. Tangu hapo Mama hajalala vizuri, na mimi ninayelala chumba cha pili sijalala vizuri pia.

Kigoma, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma: siku tatu, na vumbi la kutosha kufyatulia tofali. Zambia ni ndefu. Sina zaidi la kusema kuhusu Zambia. Mpakani mwa Afrika Kusini afisa aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema nakwenda kumwona dada yangu. Akanitazama, akagonga muhuri, akamwita wa nyuma yangu, ambaye naye alikuwa anakwenda kumwona dada yake.

Siku ya saba asubuhi nilishuka Park Station kwenye baridi ambayo sikuwa nimeambiwa. Mwajuma alinipokea, akanivika koti lake la kike, tukaenda Bellevue. Anaishi kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba. Chumba cha mbele ni cha kazi, nusu yake, nusu ya Mama Bea, msusi kutoka Lubumbashi.

"Njo weye ndugu ya Mwajuma?" Mama Bea aliniuliza, mikono ikiwa kichwani kwa mteja. "Karibia, kaa. Huku baridi iko mingi, lakini utazoea."

Dada yangu hujibu swali kabla halijaulizwa. Sikuwa nimemaliza chai aliposema, "Mama kakutuma unirudishe."

"Nimekuja kushona."

"Sawa. Basi sikiliza. Kazi hii ikiharibika, nafunga mzigo tunaondoka wote. Ikienda vizuri, utarudi peke yako, na hilo neno la kurudi msinitajie tena, wewe na Mama."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa visiwa vya Pasifiki wanaofanya kazi na kusoma Afrika Kusini walikuwa wameandaa mashindano ya raga baina ya mataifa yao, ile raga ya watu kumi na watatu kila upande. Fiji walikuwa na nguo zao. Tonga na Samoa hawakuwa nazo. Kiongozi wa Tonga, Sione, alifika Jumatatu, akaona kitambaa chekundu chenye maua meupe kinaning'inia dirishani, akakinyooshea kidole. Kiongozi wa Samoa, Tavita, alifika Jumatano, akakiona kitambaa hichohicho, akasema nyekundu imo kwenye bendera yao pia. Kila mmoja aliagiza kumi na saba pamoja na za akiba, akaenda zake. Mwajuma alifurahi sana. Alichokiona yeye ni ndugu wa visiwani wenye sherehe moja, na kwetu watu wa sherehe moja huvaa sare. Akanunua jora zima.

Siku ya tatu ya kushona nilichukua karatasi ya ratiba nijue saa ya kupeleka mzigo. Mchezo wa kwanza: Tonga na Samoa.

Niliisoma mara mbili. Nilitazama rundo la nguo za Tonga, nikatazama rundo la Samoa. Nikafungua mdomo. Nikamkumbuka Mama, nikaufunga, nikachukua sindano. Siku nzima nilishona vizuri kuliko nilivyowahi kushona maishani mwangu, na niliona aibu kwa kila mshono.

Jumamosi tulikwenda na mizigo kwa teksi hadi uwanja mmoja karibu na Rosettenville. Kwenye kila robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, dereva akisimama nilijiambia nitasema hapa. Robot zilikuwa nyingi. Zikaisha.

Mabunda yalipelekwa vyumba viwili tofauti. Baada ya dakika kumi watu walitoka, wote wakubwa wakubwa, wote wekundu, wote wana maua. Wakapiga magoti katika duara moja wakasali. Mwajuma akanishika mkono. "Umeona walivyopendeza?"

Kisha wakagawanyika pande mbili, na mkono wake ukalegea.

"Hamisi. Wanacheza wao kwa wao?"

"Wao kwa wao."

Akakaa chini juu ya gunia tulilobebea nguo. Nilichokitaka kilikuwa kimefika, na sikukipenda hata kidogo.

Refa, mzee wa pale Johannesburg, alitazama huku, akatazama kule, akasema "Eish," akapuliza filimbi. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mtu akiangushwa huachwa ainuke, aweke mpira chini, ausukume nyuma kwa mguu, wenzake waendelee. Wakiangushwa mara sita mpira unakwenda kwa wapinzani. Siku ile ulikwenda kwa wapinzani mapema zaidi. Msamoa mmoja alimrushia mpira Mtonga kwa utulivu kabisa. Mtonga akamshukuru, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Refa akausimamisha mchezo. Sione na Tavita wakakutana katikati, wakatazamana kifuani, wakageuka wakatazama tulipokaa.

Mwajuma alisimama. Sijui mtu mwingine angefanya nini, yeye aliwaendea. Niliona midomo yake, sikusikia. Baadaye aliniambia alisema hivi tu: kosa ni langu, kwetu wanaokula pamoja huvaa kitambaa kimoja.

Samoa wakavua jezi. Walicheza vifua wazi hadi mwisho kwenye upepo ule, nami nikiwa ndani ya koti la dada yangu nikitetemeka kwa niaba yao. Wakafungwa. Filimbi ya mwisho ilipolia walikuja mbio kuzidai jezi zao, wakavaa, wakakaa kwenye majani pamoja na Tonga, wakala nguruwe na viazi na kuimba nyimbo za kanisani. Sisi tulikula viazi.

Mke wa Sione akaja na kipande cha karatasi chenye vipimo vya watoto wanne. Akasema kwao pia, ukoo ukiwa na shughuli, huvaa nguo za kitambaa kimoja, na tangu ahamie huku hajamwona fundi anayelijua hilo bila kuelezwa. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wengine, kila mmoja na karatasi yake.

Jumapili Mwajuma alikuwa anakata kitambaa. Hakuinua macho.

"Ile ratiba uliisoma. Nilikuona."

"Niliisoma."

"Ukanyamaza."

"Mama anataka urudi."

Mkasi ulikwenda hadi ukingoni. "Basi nenda kamwambie ulivyonisaidia," alisema.

Nilirudi peke yangu. Zambia bado ni ndefu. Majirani wakiniuliza safari imenifunza nini, nawaambia wanavyocheza raga. Lingine nililifahamu jioni niliyofika, nilipokaa mbele ya Mama nikamweleza yote, na nilipofika kwenye ile karatasi nikamwambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yake.

"Mimi ningemwambia," alisema.

"Mama, si wewe uliyetaka arudi?"

"Nilitaka arudi," alisema Mama. "Nilitaka arudi akiwa bado ni Mwajuma yuleyule. Uliyetaka kuniletea wewe alikuwa mtu aliyeaibika tu."