Gauni la Wifi

Vipimo vya mtaa mzima vilikaa kichwani mwa Bi Futikamba. Jina hilo alibandikwa kwa utani, maana futikamba ilimning'inia shingoni miaka thelathini na moja, lakini akishakupima mara moja, basi. Kuandika? Thubutu! "Daftari ni la mafundi wasiojua kazi," alikuwa akisema huku anakanyaga cherehani. Ukirudi mwakani anakutupia jicho, anakata kitambaa, na nguo inakukaa.

Sasa siku moja wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akaja kujaribu gauni alilomshonea. Likakwama mabegani. Wakavuta, wakasukuma, wifi akabana pumzi, wapi! Bi Futikamba akalipima lile gauni. Vipimo vilikuwa vya wifi huyuhuyu, ila vya mwaka ule Bi Futikamba alipoolewa, wakati wifi alikuwa binti mwembamba asiyejua kutembea bila kurukaruka.

Wifi akaangua kicheko. "Makubwa! Kumbe machoni pako mimi bado msichana?"

Bi Futikamba hakucheka. Mama yake mzazi alianza hivihivi, kwa vitu vidogo, akaishia kumwuliza binti yake wa kumzaa, "Wewe mtoto wa nani?" Aliogopa, tena aliogopa sana. Wiki nzima hakugusa cherehani.

Ni wifi aliyemburuta hadi chuo kikuu, ambako watafiti wa ubongo walikuwa wanatafuta watu wa umri wao wawapime kumbukumbu. Chumba chenyewe kilikuwa na meza moja, viti viwili na saa ya ukutani inayochelewa. Mtafiti, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, akamsomea maneno: uzi, sindano, mkasi, kitambaa, kifungo, pindo, na mengineyo. Akampigisha soga kidogo, kisha akasema, "Haya mama, niambie uliyoyasikia."

Akayataja karibu yote, akamalizia na cherehani.

"Cherehani sikuisema, mama."

"Umeisema! Nimeisikia kwa masikio yangu haya!"

Mtafiti akamsogezea karatasi. Cherehani haikuwemo. Machozi yakamlengalenga Bi Futikamba. "Basi imeshaanza," akasema. "Ile ya mama."

"Hapana, mama. Neno hilo nililiacha makusudi. Watu wengi wenye afya zao hulisikia, hata mwalimu wangu alibisha kama wewe. Ubongo hauweki mambo kama picha kwenye albamu. Kila ukikumbuka unaliunda jambo upya kwa vipande ulivyonavyo, na palipopungua unajazia unachokijua sana."

"Yaani akili inatia viraka?"

"Tena mshono huuoni."

Hapo Bi Futikamba akacheka, kwa mara ya kwanza tangu gauni likwame. Majaribio mengine yakachukua asubuhi nzima, na mwishowe mtafiti akamwambia haoni dalili ya kumtia wasiwasi, arudi baada ya mwaka wamlinganishe na leo. "Lakini vipimo vya watu, mama, viandike."

Wakiwa njiani kurudi akanunua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa wifi, aliyesimama katikati ya chumba cha kushonea, mikono ameinyoosha.

"Kiuno kiandike kimyakimya," akaonya. "Majirani wana masikio."

Bi Futikamba akaandika, moyo mweupe kabisa. Kisha akalichukua lile gauni dogo na mkasi, alifumue, kitambaa kisipotee bure. Wifi akamdaka mkono.

"Weka chini! Sitalivaa, najua. Lakini wazazi wangu hawapo, kaka hayupo. Yule binti niliyekuwa, wifi, umebaki kumjua wewe tu."

Bi Futikamba akaweka mkasi mezani, akaenda kutafuta hanga ya kulitundikia.