Vijidudu Ndani ya Chupa ya Chai

Simu yangu iliita, ni mama mmoja niliyekuwa namtibia ng'ombe, nami nimeinama machinjioni Kibondo, mikono imezama hadi viwiko ndani ya tumbo la fahali aliyechinjwa dakika chache zilizopita. Nilimwomba mchinjaji mmoja anishikie simu sikioni.

"Mzee wa bucha keshafika na kisu," mama alisema kutoka Mabamba. "Anasema tumchinje ng'ombe angali ana pumzi. Nimwambie nini?"

Ng'ombe wake, mmoja tu aliyekuwa naye, alikuwa amevamia mahindi yaliyoanikwa uani na kula karibu turubai zima. Siku mbili hakucheua. Jana yake nilimnywesha maji ya magadi kupunguza ukali tumboni, kisha nikaweka sikio ubavu wa kushoto, mahali ambapo tumbo la ng'ombe mzima huunguruma kila baada ya muda mfupi. Kimya. Vijidudu vinavyomsagia majani vilikuwa vimekufa. Dawa iliyobaki ilikuwa kumwazimia vya ng'ombe mwingine.

"Mwambie asubiri," nilisema. "Nakuja."

"Dokta, umesoma miaka mingapi mpaka ukafika kwenye mavi?" aliuliza aliyenishikia simu. "Mama yako anajua?"

"Anajua nipo ofisini."

Walicheka wote. Mkaguzi wa nyama alikuwa ameshaniambia mara tatu, kwa kuwa nilimuuliza mara tatu, kwamba fahali hakuwa na ugonjwa. Nilikamua majani ya tumboni mwake kwenye kipande cha kanga safi, nikajaza maji yake hadi shingoni mwa chupa ya chai niliyoisuuza kwa maji ya moto. Vijidudu hivyo havistahimili baridi wala hewa. Nilifunga. Mpaka hapo sikuwa nimekosea.

Kwenye pikipiki nikaanza kuwaza. Kama chupa ilikuwa bado ya moto mno? Kama nimevipika? Mlima wa kwanza nilimsimamisha dereva, nikafungua, nikatumbukiza kipimajoto. Nyuzi thelathini na tisa, sawasawa na joto la ng'ombe. Nilipofunga, matone yakamwagika, nikajua sasa kuna hewa ndani. Mbele kidogo nikafungua tena kuona hewa imeharibu kiasi gani.

"Oya, hiyo chai itapoa," dereva alisema.

Mara ya tatu kipimajoto kilisoma thelathini na mbili.

Tulimkuta ng'ombe amelala, shingo ameikunjia ubavuni. Mzee wa bucha, Mwislamu kutoka mjini, alikuwa amechuchumaa kando yake, kisu kimeviringishwa kwenye gazeti.

"Kijana, akijifia ni kibudu," alisema. "Hapo hakuna nyama tena, ni shimo tu. Mwache mama aokoe kitu."

"Nimeshakukatalia mara mbili, mzee wangu," mama alisema. "Dokta kasema tusubiri. Sasa kafika."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia mama kipimajoto kilisema nini. Neno moja, "chinja," lingetosha. Nilipitisha mpira kooni mwa ng'ombe na kumimina polepole, nikihesabu pumzi zake kana kwamba kuhesabu kungeziongeza.

Jua lilipopanda alianza kutupa miguu. Mzee alichomoka na kisu, akamgeuza shingo kuelekea kibla, akaweka kiganja kifuani mwa ng'ombe kusikia mapigo, akasubiri. Kisha akasimama.

"Roho imeshatoka," alisema. Aliondoka bila kugusa chai aliyopewa.

"Inka yanje," mama alisema kwa Kiha. Ng'ombe wangu.

Majirani walichimba shimo nyuma ya migomba, nami nikachimba nao. Yale mabaki ya chupa nilikuja kuyatazama kwa hadubini jioni ile, na hakuna kilichotikisika. Lakini kufikia jioni vingekuwa vimekufa hata kama asubuhi vilikuwa hai, kwa hiyo hadubini haikunihukumu wala kuniachilia.

Tulipokuwa tunafukia, mama alikuja akasimama karibu nami.

"Mwanangu, wale wadudu wako, ulipowaleta walikuwa hai?"

Nilijua anachouliza. Alitaka kujua kama alikosea kusubiri.

"Walikuwa hai, mama."

Aliitikia kwa kichwa. "Basi ilikuwa siku yake," alisema, akaninyang'anya jembe na kuendelea kufukia mwenyewe.