Kupiga Magoti Katikati ya Nane

Niliondoka Migato kwenda Bariadi mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza nilipiga magoti. Nilikuwa katikati ya mtihani wa pikipiki, nazunguka mapipa mawili kwa umbo la nane, nikamwona baba mkwe wangu anakatiza uwanjani na baiskeli yake kuelekea mnadani. Kwetu mwanamke hamsalimu mkwe akiwa juu ya chombo. Nikazima injini, nikashuka, nikapiga magoti vumbini na kusema mwangaluka. Akaitikia, akauliza habari za watoto, akaenda zake. Mkaguzi aliandika neno moja kwenye fomu yangu.

"Mimi pia ni Msukuma, mayu," alisema. "Lakini fomu haina mahali pa magoti."

Nilikuja kucheka baada ya wiki mbili. Kabla ya hapo nililia, maana kazi ilikuwa inaniponyoka. Ilikuwa miaka ile ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba, na makampuni ya watu binafsi yakaanza kufungua vituo hadi vijiji ambavyo havikuwa na duka la chumvi. Kampuni moja ilitaka msimamizi wa vituo vya upande wa Dutwa, mwenye leseni ya pikipiki. Meneja alinipa muda hadi msimu ufunguliwe. Nisipoleta leseni, nafasi ingekwenda kwa mwombaji wa pili. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake ulikuja siku uliyotaka wenyewe.

Kurudia mtihani ni kuanza upya. Ada upya, picha upya, pikipiki ya kukodi, petroli, nauli. Tuliuza mpunga tuliokuwa tumeuweka wa kula.

Alfajiri ya siku ya safari mume wangu alinipakia kwenye baiskeli hadi barabarani. Njia nzima alinichokoza.

"Kesho ukimwona mtu yeyote anayefanana na baba, fumba macho."

"Nikifumba macho nitagonga pipa."

"Basi fumba moja."

Saa mbili nilipata pikapu iliyobeba mahindi na mbuzi wa mnadani. Mvua ilikuwa imenyesha, na asiyeujua udongo mweusi wa mbuga zetu asiombe kuujua. Tulinasa mara tatu. Kila tuliponasa wanaume walisukuma, wanawake tukashika mbuzi, na dereva akatutukana sote kwa usawa. Kwa mwendo wa baiskeli ningefika mapema zaidi.

Saa tisa alasiri niliingia Bariadi nikiwa na matope hadi kiunoni. Nilifikia kwa Mama Milembe, fundi cherehani tuliyesoma naye, ambaye sasa alikuwa akipunguza nguo za mitumba na kuziuza karibu na stendi. Mji ulikuwa umechangamka kuliko nilivyouacha mwezi uliopita. Mizani mipya ya pamba ilikuwa imepangwa mbele ya maduka, na kila mtu aliyevaa kofia alijiita ajenti. Mama Milembe alinitupia suruali.

"Hii nimeishona maalumu kwa ajili yako," alisema. "Haikunjiki magotini."

Jioni, jua bado halijazama, baba mkwe aliingia uani. Alikuwa ametoka kwake Dutwa kwa baiskeli. Nilipiga magoti, nikasalimu, kisha nikakaa chini upande, nikiwa nimemgeuzia bega kama inavyotakiwa. Mama Milembe alimletea kigoda akakiweka mbali nami. Habari ya kufeli kwangu ilikuwa imefika Dutwa kabla ya basi.

"Nimesikia ulifelishwa kwa ajili yangu."

"Hapana, baba. Nilifeli mwenyewe."

"Kesho nitakuwepo."

Nilimwomba asije. Nilisema kwa adabu yote niliyokuwa nayo kwamba nikimwona mguu wangu utashuka wenyewe.

"Nikijificha watatokea wengine," alisema. "Bariadi imejaa wazee, na kazi unayoitaka imejaa wazee. Wewe nipite mimi. Ukishanipita mimi, hakuna mzee atakayekudai salamu ukiwa juu ya pikipiki."

Alikataa chakula, akaenda kulala kwa rafiki yake.

Saa tatu asubuhi tulikuwa watahiniwa wanane uwanjani, mwanamke nikiwa peke yangu. Mkaguzi alinikumbuka. Aliniuliza kama safari hii ndugu zangu nimewaacha nyumbani, na wenzangu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshamwona baba mkwe, pale pikipiki zinapogeuzia kwenye pipa la pili. Amevaa koti lake la kanisani, ameshika fimbo, na pembeni yake wamesimama wazee wanne wa Dutwa waliokuja mnadani.

Nilianza vizuri. Pipa la kwanza nililizunguka polepole, macho mbele kama nilivyofundishwa. Nilipokaribia la pili mguu wa kushoto ukawa mwepesi. Ilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Huyo si mkweo?" mzee mmoja aliuliza.

"Ndiye."

"Anakupita hivyo?"

Nilipita. Nilizunguka mara ya pili, nikampita tena, na safari hiyo niliona aibu hadi masikio yakawa moto. Kisha nikaingia barabarani, nikaonyesha ishara za mikono, nikarudi na kusimama kwenye mstari.

"Umefaulu," alisema Mkaguzi.

Niligeuka haraka nimsalimu baba. Hakukuwa na mtu pale kwenye pipa.

Kesho yake nilipaswa kurudi Migato, lakini nilipanda basi la kuelekea Mwanza nikashuka Dutwa, upande usio wa kwetu kabisa. Nisingeweza kulala tena kabla ya kumsalimu. Uani nilikuta ngozi ya mbuzi imewambwa chini kwa vijiti, bado mbichi. Nilimuuliza mama mkwe kama kulikuwa na wageni.

"Wazee wamemtoza faini ya mbuzi," alisema kwa sauti ya chini. "Kupitwa na mkwe hadharani bila salamu. Kosa la mkwe hulipwa na mwenye kaya."

"Hakuwaambia kwamba alinituma yeye?"

"Angewaambia, wangemtoza wawili."

Baba mkwe alikuwa nyuma ya zizi anakaza kamba ya mlango. Nilipiga magoti kwenye samadi na nikakaa hapo muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Nilitaka kusema wabeja, asante ya kwetu, nikalia badala yake. Yeye aliendelea na kamba hadi nilipomaliza.

"Kazi umepata?"

"Nimepata, baba. Msimu ukifunguliwa nitakuwa napita hapa kila siku. Nitakuwa nasimama kukusalimu."

Akaacha kamba.

"Usisimame. Nikikuona umesimama, mbuzi wangu ameliwa bure."

Nilirudi Migato kwa lori la mabati, leseni nimeifunga kwenye kitenge. Mume wangu aliisoma pande zote mbili na hakunitania. Msimu ulipofunguliwa nilipita Dutwa asubuhi na jioni. Mara nyingi alikuwa nje na ng'ombe wake. Akisikia mlio wa pikipiki aligeukia upande mwingine, nami nilipita. Wazee wengine walizoea kabla yangu.

Siku hizi wasichana wanaotaka leseni hunifuata kuniuliza kurudia mtihani kunagharimu kiasi gani. Huwa nawatajia ada, picha, petroli na pikipiki ya kukodi. Kisha nawaambia wafanye kila njia wafaulu mara ya kwanza.