Mashine Yangu Haina Kasoro

Mimi ni fundi redio, tena mwenye majivuno. Mashine ya kuangulia mayai niliiunda mwenyewe kwa boksi, balbu na kipimajoto, nikajaza mayai ya kuku wa mke wangu. Siku ya kumi nikayamulika kwa tochi: yote matupu, hata mshipa wa damu hamna. Nikabadilisha balbu, nikaongeza maji ya kuleta unyevu ndani, nikautukana umeme. Nikaweka mengine, mambo yakawa yale yale. Nikamwita mke wangu aje anisomee kipimajoto, labda macho yangu yana shida.

“Baba watoto,” akasema, “kuku wangu hawana jogoo.”

“Kaenda wapi?”

“Si ulimchinja miezi miwili iliyopita, eti anakukatiza usingizi?”

Mapaja yote mawili niliyala mimi.