Maji ya Asumini

Nilikuwa bado mgeni Jibondo, kisiwa kisicho na maji matamu, nimeolewa kutoka kisiwa jirani cha Chole kwenye visima. Nilipanda asumini katika chungu kibovu, nikawa nawafunza majirani: "Kiangazi, ua la chunguni hunywa asubuhi na jioni."

Maji nilichota kwenye mtungi wa ukumbini. Hakuna aliyeyanywa, nikadhani ni ya kunawia miguu. Asumini ikachanua, nikajigamba mtaa mzima.

Juzi baba mkwe akafariki. Mama mkwe akatumbukiza kata mtungini, ikagonga udongo mkavu.

"Mwanangu, mzee mwenyewe aliyaagiza maji haya kwa mashua, aje aoshwe nayo akifa. Yako wapi?"

Wanawake wote waliokuja msibani wakanigeukia.

"Nimemwagilia maua, mama."